Kikombe cha Karlovy Vary

Mwaka wa 1966, ndani ya meli ya kutoka Kisumu, nilikaa karibu na Cephas, kijana aliyetoka masomoni Chekoslovakia. Alikuwa akimwonyesha Filister, mama muuza vyungu, kikombe chenye mdomo kama wa buli.

"Kule Karlovy Vary, mama, maji yanatoka ardhini yakichemka. Watu wanayanywa kwa kikombe hiki, wakitembea polepole kwenye baraza la nguzo huku bendi ikipiga."

"Ni matamu?"

"Yana chumvi. Siku ya kwanza nililia. Nilikumbuka chemchemi ya maji moto ya kwetu Abundu, mama yangu alivyotuogesha humo tukiwa na upele."

"Sisi hatukupigiwa bendi," alisema Filister. Mimi pia nimeoga Abundu, na sikusikia hata filimbi.

Cephas alicheka, akaendelea kusimulia madaraja ya kule na wazee wa kule wenye kofia. Mlima Homa, wenye Abundu chini yake, ulipita kushoto kwetu, wala hakuutazama.

"Wuoda, mwanangu," Filister alimwambia, "kule ulililia Abundu. Sasa Abundu ndiyo ile, nawe unalilia kule. Utatulia wapi?"

Meli ilipiga honi, tukafika Homa Bay. Cephas alikipangusa kikombe kile kikavu, kisha akakipangusa tena.