Matundu Tisa Niliyoyaziba

Kaeni chini, wanangu. Okoth, zima hiyo simu, anayekutafuta atakupata kesho. Risper, acha kunipepea, sisikii joto mimi, fungua dirisha nione wingu la upande wa Ngong limefika wapi. Limefika? Basi sina muda wa kuzungukazunguka. Sikilizeni na msinikate maneno, maana nikikatwa nitasahau, na nikisahau watu watakufa.

Mali yangu mnaijua, haijazi hata mkokoteni. Vyumba vinne vya mabati hapa Sarang'ombe ni vyenu nyinyi wawili, sawa kwa sawa, na yeyote atakayemwambia Risper kwamba binti harithi nyumba ya babake, mwambieni aje aniulize kaburini. Timazi na pimamaji ni za Okoth. Tindo kubwa na nyundo msivigawe bado, vina kazi leo. Kuzikwa, nizikwe nyumbani Ugenya kando ya mama yenu, lakini hayo mngeyafanya hata bila kuambiwa. Sikuwaitia hayo.

Nimewaita kwa ajili ya ukuta. Huu hapa nyuma, unaoshikilia uwanja wetu usimporomokee jirani yetu Abdelrahim kule chini. Jana, Okoth, ulisimama hapo mlangoni ukamnong'oneza dadako, ukidhani dawa imenilaza: "Ukuta tusiuguse, tungoje mzee aende kwanza, tusimwaibishe." Nilisikia. Yawa, kilichokufa ni figo, masikio yangu mazima! Najua ulisema kwa mapenzi na sina hasira nawe. Lakini aibu ni yangu, wa kuibeba ni mimi, na naitaka leo nikiwa na pumzi.

Mnajua kuta nilizojenga. Nendeni Kawangware 46, kwa mama Wakarima, mwone ule niliomjengea kwenye mteremko wake. Mwaka wa kumi na tisa sasa, na uzi ukiunyoosha unalala juu yake bila kucheza. Sikutumia uchawi. Nilichimba nikaupita ule udongo mweusi unaofura ukinyeshewa, nikafika kwenye mgumu, nikaanza na upana wa hatua nzima na kuupunguza kadiri nilivyopanda, nikaulaza ukuta kidogo kuelekea kilima, nikajaza kokoto nyuma yake, na kule chini nikaacha matundu ya paipu ili maji yapite. Maana udongo mkavu hausukumi sana, Okoth, maji ndiyo yanayosukuma. Nilikufundisha hilo kabla hujaota ndevu.

Na huu wetu niliujenga hivyo hivyo, na matundu yake tisa. Halafu Ijumaa moja, miaka sita iliyopita, Abdelrahim anatoka kwenda kuswali, kanzu imepigwa pasi, mvua ndiyo imekatika tu, na tundu moja likamrushia maji ya matope mpaka magotini. Angekuja hapa nyumbani tungeongea. Yeye akaenda kusimama pale kwenye mfereji, akina mama wamepanga mitungi, akapaza sauti: "Jameni, ukuta wa Osewe unanikojolea!" Wakacheka. Mwezi mzima nilichekwa. Nikipita, mtu ananiuliza kama ukuta umeamka salama, kama umeshaenda haja. Mimi, niliyewajengea watu wenye mageti! Iliniuma, wanangu, iliniuma mpaka chakula hakipiti.

Okoth, wewe ndiye uliyenikorogea simiti. Uliniuliza, "Baba, na maji yataenda wapi?" Nilikujibu nini? "Yatakaa humo humo mpaka Abdelrahim aje aniombe msamaha." Nikayaziba yote tisa, nikapiga plasta, nikapaka na rangi juu. Fundi mzima! Nilijua ninachokifanya, na bado nikaendelea kulainisha kwa mwiko mpaka pakang'aa.

Hakuja. Mimi nami sikwenda. Mwaka wa tatu nilitundika timazi, nikakuta ukuta umetoka vidole viwili. Mwaka jana, vidole vinne. Umeota tumbo. Ndipo nikapanda yale maua ya kutambaa, nanyi mkanisifu kwamba baba kazeeka akaanza kupenda maua. Maua gani! Nilikuwa naficha.

Halafu mwezi uliopita mkojo ukakataa kutoka siku mbili. Mlinibeba nimefura, nalia mbele ya watu, mpaka yule muuguzi akaniwekea huu mpira, na ulipofunguka nikaanza kucheka, mkadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nawaza ukuta wangu. Miaka sita umekaa hivyo.

Nipe maji, Risper. Kidogo. Hiyo ilikuwa ngurumo, au ni mabati ya jirani? Usinidanganye.

Ramzy, mjukuu wa Abdelrahim, ameoa, nanyi mnajua. Kitanda chake na mkewe Sabah na mtoto wao mchanga kinagusa ukuta huu. Nikiwa hapa namsikia yule mtoto akilia, na akinyamaza ndipo moyo unanienda mbio zaidi.

Basi, Okoth, shuka kwa Abdelrahim sasa hivi. Vua kofia, msalimie. Mwambie Osewe anasema kosa ni lake, aliziba matundu kwa kiburi, na anamsihi awatoe watu wote vyumba vya nyuma kabla mvua haijaanza. Usimwambie ukuta umezeeka. Usimwambie tunarekebisha kidogo. Mwambie kiburi. Wakishatoka wote ndipo ushike tindo. Anza na tundu la mwisho, upande wa mfereji, na usimame kando, usikae mbele yake, maji yatatoka kwa nguvu. Yakishapungua, nenda la pili. Na hata yakitoka yote, wasirudi kulala hapo; kiangazi mbomoe ukuta wote mjenge upya, na mkikosa mawe, uzeni chumba hiki ninacholalia. Watu watasema Osewe alikuwa fundi bure. Waacheni waseme.

Unalia nini sasa? Inuka. Mungu awape mikono mizima, awape... awape na moyo wa kwenda kwa mtu siku ile ile aliyowaudhi. Msinuniane kama mimi. Hiyo ndiyo baraka yangu, sina nyingine.

Niachilie mkono, Okoth, unauhitaji huko. Nenda. Risper, nawe nenda, mama. Sabah hawezi kubeba mtoto na godoro pamoja. Hapana... nitakaa peke yangu. Nimekataa, usibishane nami. Mlango uache wazi, na dirisha. Nataka nisikie tindo... likigonga.

Bado umesimama hapo, Risper? Nenda, nyathina, mwanangu. Mvua hiyo.