Leseni ya Philomena na Barafu ya Kisiwa cha Perrin

Mgeni rasmi, Bi. Marguerite Pardy, Mwenyekiti wa Bodi ya Leseni za Huduma za Mazishi: umevuka bahari iliyochafuka kuja kutuona, nasi tumefurahi. Supu ya chewa iko jikoni. Tukimaliza tutakula pamoja.

HISTORIA

Nyumba ya mazishi kisiwani, panapoandaliwa maiti, ni moja tu, ya Philomena Hynes, aliyeirithi kwa baba yake. Wazazi wetu karibu wote wamepita mikononi mwake.

YALIYOTUPATA

Kabla ya kuhuisha leseni, mhudumu wa mazishi hana budi kuhudhuria mafunzo mjini St. John's, ng'ambo ya bahari, ana kwa ana. Machi iliyopita barafu ilifunga bahari, kivuko kikasimama. Leseni ya Philomena ikaisha, na ya nyumba ikaanguka nayo, maana nyumba haifunguliwi bila mhudumu mwenye leseni.

Wiki hiyohiyo akafariki mzee Ambrose Keeping, mpiga kinanda wa kanisa letu. Mkewe, Leocadia, akamfuata Philomena mlangoni kwake.

"Njoo umchukue, mwanangu."

"Siwezi, Mama Leocadia. Sina leseni."

"Leseni kitu gani? Nimekubadilisha nepi mimi!"

"Najua, mama. Lakini mimi nikiivunja sheria leo kwa mapenzi, kesho mwingine ataivunja kwa uvivu. Maiti hawezi kujitetea."

Philomena akaingia ndani, akalia. Kisha akampigia simu Gerald Fudge, mhudumu wa ng'ambo, mwenye leseni. Helikopta ya walinzi wa pwani ikamleta. Gerald alimkuta Philomena sebuleni kwa mjane, wameshikana mikono, marehemu hajaguswa.

"Vaa aproni," akamwambia. "Nasimamia mimi, kazi fanya wewe."

Ambrose tulimuaga humu ukumbini, nywele amechanwa pembeni kama alivyopenda.

MAFANIKIO

Njia ilipofunguka Philomena alipanda kivuko cha kwanza, akasoma, na leseni zote mbili zimehuishwa. Na Bodi, tulipoiandikia, badala ya kutujibu kwa barua, imekuja yenyewe.

MAOMBI

Sheria hii tunaitaka. Tunaomba tu itufikie hata kivuko kikisimama: mafunzo yatolewe pia kwa intaneti, na anayezuiwa na barafu aongezewe muda.

Mama Leocadia, yule pale mwenye kofia ya buluu, ametuagiza tusome na maneno yake: "Mwambieni mgeni nami nimezeeka, na baridi inakuja. Namtaka Philomena."

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, Bi. Pardy, na aibariki kazi ya Bodi.

Ni sisi wako,
Wakazi wa Kisiwa cha Perrin