Mtama Alioutafuna Rutagengwa

Viongozi wetu, wachungaji, majirani wa Nengo, ndugu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, na ninyi mliosafiri siku mbili kutoka Karagwe, mimi ni Kimenyi, mdogo wake marehemu tuliyepokezana ziwa la mama, familia imenituma nisome historia yake kwa Kiswahili ili wote tuelewane, na naomba mnivumilie, kwa sababu nina huzuni na nina hasira, na sitaficha hata kimoja.

Ndugu yetu Rutagengwa Faustin alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971 huko Nkwenda, Karagwe, nchini Tanzania, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akatushinda sote kwa hesabu, lakini sekondari hakwenda, maana mama alikuwa anatulisha kwa pombe ya ndizi, na mkanyagaji wa hizo ndizi alikuwa yeye. Kwa mama alijifunza kwamba mtama haununuliwi kwa macho, unanunuliwa kwa meno, unachota konzi moja, unatafuna na unameza, kwa sababu mtama wa zamani una ladha ya vumbi na hauoti, mtama usioota hautoi kimea, na bila kimea pombe yako ni juisi tu.

Tulirudi Rwanda mwezi Agosti 1996, na kuanzia Januari 1997 hadi Desemba 2017 marehemu aliosha matangi katika kiwanda cha bia, miaka ishirini na moja ndani ya matangi ya watu, akitoka humo macho mekundu na kutuambia kwamba siku moja ataosha la kwake, na sisi tukimcheka.

Tarehe 8 Agosti 1998, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa hapa Gisenyi na shemeji yetu Libérata, mlokole wa kweli, ambaye alikubali kuolewa kwa sharti moja, kwamba pombe isivuke kizingiti cha nyumba yake, na kwa miaka ishirini na saba haikuvuka, wala yeye hakuwahi kuionja, hata tone. Mungu aliwajalia watoto watatu, Keza mwaka 2000, Aimable mwaka 2003 na Kamikazi mwaka 2009, ambao wote wapo hapa mbele yenu.

Bon, sasa nifike kwenye kiwanda chake mwenyewe cha pombe ya ndizi, maana ndicho kilichomla. Tangi lilikuwa la kupozea maziwa, alilinunua Nyakiriba kwenye kituo cha maziwa kilichofungwa, wanaume kumi na wawili wakalishusha mlimani kwa mabega, na lilipojazwa maji mara ya kwanza likavuja sehemu saba, ikabidi Gentil fundi wa kuchomelea alirudie lote, mashine ya kufunga vizibo ilitoka Goma mpini wake umevunjika, na chupa alizikusanya baa kwa baa, Keza akaziosha hadi mikono ikachubuka. Ndizi zilitoka kwa kina mama kumi na mmoja wa Kanama, ambao waling'oa maharage mashambani wakapanda migomba kwa kumwamini yeye, na tarehe 3 Februari 2025 alipata kibali, akalia mbele ya karani bila aibu.

Halafu mtama ukakosekana. Mvua ya msimu ilikatika kabla masuke hayajajaa, na marehemu akazunguka masoko yote ya huku, akatafuna magunia tisa akayakataa yote tisa, usingizi ukamtoka, akaanza kuongea peke yake, maana ndizi za Kanama zilikuwa zimeshafukiwa mashimoni ziive, na ndizi ikishaiva haimsubiri mtu. Jumamosi tarehe 6 Septemba alitumia mtama wake wa mwisho, akafunga tangi, na Jumatano tarehe 10 pombe hiyo ikaingia kwenye chupa, naomba mzishike vizuri tarehe hizi mbili.

Ijumaa tarehe 12 Septemba alikuja muuzaji ambaye hatumjui na hajaonekana tena, akamwambia kwa Kiswahili cha mpakani, papa, iyi mutama inaota yote, hata moya haibakie, na hapo hakudanganya, ulikuwa unaota wote, kwa sababu ilikuwa mbegu ya kupandia, iliyotiwa dawa ya kuua wadudu, kisha ikaoshwa rangi yake nyekundu ili iuzwe kama chakula. Kaka yangu alitafuna konzi ya kwanza akameza, akasikia harufu ngeni, na mtu mwingine yeyote angetema akaenda zake, lakini yeye alikuwa ametafuta mtama wiki nzima, alitaka sana uwe mzuri, jamani, akaingiza mkono hadi chini ya gunia, akatafuna konzi ya pili, akameza na hiyo. Gentil, aliyekuwa anakaza bomba, alimwona anapiga magoti, jasho na mate vinamtoka, na alipomkimbilia, marehemu alishika mdomo wa gunia kwa mikono miwili akasema, lisiingie, lisiingie ndani, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Madaktari walipigania maisha yake siku tatu, na Jumatatu tarehe 15 Septemba, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Gunia liko polisi, halijapungua ila konzi mbili. Lakini tangu Jumatatu mji huu unasema Rutagengwa ameuawa na pombe yake mwenyewe, baa zimerudisha kreti, kina mama wa Kanama wanachimbua ndizi zilizooza, na kwenye kilio chetu watu wamekuja na soda zao wenyewe, yebaba we, soda, nyumbani kwa mpika pombe! Msiniambie lisemwalo lipo, nimewapa tarehe, chupa zilifungwa Jumatano na sumu ilikuja Ijumaa, na haikufika kwenye tangi kwa sababu ilipitia kwanza kinywani mwa huyu tunayemzika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakulala, majirani mliotupikia, mafundi wenzake wa zamani mliobeba jeneza, na Gentil, ambaye tangu siku hiyo hali chakula.

Mnajua kwamba baada ya kaburi tunanawa mikono na mwenye msiba anawapa watu kinywaji, na mnajua pia kwamba kwetu anayetoa pombe anaionja kwanza ili mgeni asiwe na hofu. Kreti za tarehe 10 zipo uani, hazijaguswa. Mimi niliomba nionje, Libérata akakataa, akasema mwenye nyumba ni yeye, na asubuhi ya leo amebeba chupa moja kwa mkono wake mwenyewe, akaivusha kizingiti, mchungaji wake akimwona. Tukishanawa mikono atakunywa mbele yenu, naomba mtu yeyote asiondoke kabla. Pumzika kwa amani, Rutagengwa, wewe umeonja vya kutosha, iliyobaki ataonja mke wako.