Shina la Mgomba

"Wewe ungezika nini, kama mwanao amefia vitani Burma na kilichokufikia ni barua ya serikali tu?" Kokuberwa wa Ijumbi alimuuliza mwanamke aliyeketi naye juu ya magunia ya kahawa, katika lori la kutoka Muleba kwenda Bukoba.

Mwenzake, Mastura wa Bilele, ambaye tangu apande alinyamaza pale tu alipokohoa vumbi, alimgeukia.

"Shemeji zangu," Kokuberwa aliendelea, "wamekwisha kata shina la mgomba, tulizike kibanjani, shambani kwetu penye migomba, badala ya mwanangu Byarugaba. Mwalimu wa kanisa anasema huo ni upagani. Naenda kwa mchungaji anipe ruhusa."

"Shina la mgomba! Na siku ya kiyama litaitika kweli, mama?"

Kokuberwa alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio. Mastura akajuta, akamfunika mabega kwa ncha ya kanga yake. "Nisamehe, dada yangu. Na mchungaji akikataa?"

Lori likasimama sokoni Bukoba. Abiria wakaanza kushuka, lakini Kokuberwa hakuinuka.

"Ruhusa siitaki," alisema hatimaye. "Nataka aniambie kama Mungu anapajua alipolala mwanangu."