Pete ya Nyuma ya Wodi

FUNDI: Haloo? Nani huyo? Miwani sina, sioni jina.

KINYOZI: Shemeji yako. Au umeshanifuta kwa kuwa dada hayupo?

FUNDI: Shemeji huwa anaanza na salamu.

KINYOZI: Shikamoo, basi.

FUNDI: Marahaba. Sema upesi, niko chini ya sinki la watu, maji yananiingia kwenye mkono wa shati.

KINYOZI: Nina swali la kiufundi. Mtu anajuaje kama kitu ni dhahabu?

FUNDI: Ile mashine yako ya kutafuta chuma ardhini tena. Mwaka mzima umefukua vizibo vya soda—

KINYOZI: Na kijiko. Usikisahau kijiko.

FUNDI: Wenzako Jumapili wanalala, wewe unaparura ardhi kama kuku.

KINYOZI: Leo utanyamaza. Nimepata pete. Nyembamba, ya njano. Ilikuwa chini, kama mkono mpaka kwenye kiwiko.

FUNDI: Isugue kwa dole gumba. Sana, mpaka ipate moto. Halafu inuse.

KINYOZI: [anasugua] Inanuka... kama koki. Kama mikono yako ukitoka kazini.

FUNDI: Shaba hiyo. Dhahabu hainuki. Rudi saluni ukanyoe watu.

KINYOZI: Subiri, sijamaliza. Hii ni ya kwanza tu. Mashine inalia kila baada ya hatua mbili, shemeji. Mstari umenyooka kama uzi wa mwashi. Nimehesabu sehemu tisa na sijafika mwisho. Mtu hapangi hivi kwa bahati mbaya. Hii ni hazina, kuna aliyeificha.

FUNDI: Uko wapi?

KINYOZI: Nikikwambia utanuna.

FUNDI: Uko wapi, nimekuuliza.

KINYOZI: [mkwaruzo] —pitali. Kile kiwanja nyuma ya ile wodi ya kutenga wagonjwa. Nimepenya kwenye wigo. Wanajenga ukumbi wa mikutano, bango lipo hapa, mkubwa wao ametabasamu meno yote. Gari la zege limeshafika. Nikasema niwahi kabla—

FUNDI: Hospitali ile sitaki kuisikia.

KINYOZI: Ndiyo maana sikukwambia.

FUNDI: Mke wangu aliingia kwa miguu yake, nikarudishiwa jeneza limepigwa misumari. Wakasema usifungue, ugonjwa utatoka. Usiguse. Saini hapa. Mtu wa darasa la nne utabishana nini na mwenye koti jeupe? Nikauliza pete yake, wakaniambia hakuja na pete. Nikaonekana mwongo mbele ya watu.

KINYOZI: Najua, shemeji. Manesi wezi wale.

FUNDI: Wezi, na waliowaweka ni wezi kuwazidi. Hiyo pete. Ina vito?

KINYOZI: Haina kitu. Laini tu.

FUNDI: Ndani je? Futa udongo ndani.

KINYOZI: Ngoja niifute kwa shati... Ina vialama. Kama imeng'atwa.

FUNDI: Vingapi?

KINYOZI: Vitatu. Vimefuatana. Haloo? Mtandao huu nao—

FUNDI: Nipo. Hiyo pete niliitengeneza mimi. Niliitoa kwenye kiungo cha bomba, ile ringi ya ndani. Sikuwa na uwezo wa sonara. Nilipoibana kwenye jiliwa, meno ya jiliwa yakaing'ata mara tatu. Nilitaka kuzisaga alama hizo kwa tupa, akakataa. Akasema acha, hii haitafanana na ya mtu mwingine.

KINYOZI: Ya dada?

FUNDI: Ya dada yako.

KINYOZI: Si nimekwambia? Wezi. Walimvua, wakazificha hapa zote, mstari mzima, waje kuzichukua mambo yakipoa. Shemeji, tumewakamata—

FUNDI: Nani anaiba pete ya koki? Shimoni kuna nini kingine?

KINYOZI: Udongo. Na plastiki nyeupe, nene kama turubai. Nimeikwaruza kwa koleo tu, ina mpasuko, pete ilikuwa hapo kwenye mpasuko. Na pembeni kuna... kuna zipu.

FUNDI: Ya chuma?

KINYOZI: Ya chuma. Labda ndiyo mashine ili— Kila hatua mbili, shemeji.

FUNDI: Umeivuta?

KINYOZI: Hapana.

FUNDI: Usiivute. Weka koleo chini. Mimi dirishani niliwaona wakimfunga kwenye plastiki nyeupe kama hiyo, zipu ikapanda mpaka juu. Ndiyo mara ya mwisho.

KINYOZI: Lakini tulimzika. Nyumbani, nyuma ya jiko. Kila Jumamosi unapalilia pale.

FUNDI: Napalilia.

KINYOZI: Sasa pale—

FUNDI: Gari la zege liko wapi?

KINYOZI: Linarudi nyuma. Linakuja upande huu, ngoma inazunguka. Kuna mlinzi naye ameniona, ananiashiria niondoke.

FUNDI: Usiondoke.

KINYOZI: Ana rungu, shemeji.

FUNDI: Kaa chini hapo hapo, matako juu ya udongo. Mwambie una mtu wako hapo. Natoka sasa hivi.

KINYOZI: Maji ya watu je?

FUNDI: Yamwagike.

KINYOZI: [mkwaruzo] —salio langu linalia, limebaki kidogo. Sikiliza. Siku ile ya kubeba jeneza mimi nilishika mbele. Tuliposhuka ngazi jeneza likainama, na ndani kitu kikabingirika. Kama jiwe. Kikagonga ubao upande wangu. Sikukwambia. Ulikuwa unalia, nikaona nitakuongezea—

FUNDI: Nilikisikia.

KINYOZI: Ulikisikia?

FUNDI: Nilikuwa nyuma yako. Nilikisikia kikienda na nikakisikia kikigonga. Yule bwana afya aliyetusimamia akaniangalia usoni, nami nikaangalia chini.

KINYOZI: Shemeji, huyu mlinzi amefika, anasema nini— baba, subiri, baba, kuna watu hapa chi—

FUNDI: Haloo? Haloo? Kaa juu yake, shemeji. Unanisikia? Kaa juu yake.