Mashine Iliponitii

Amahoro, ndugu zangu. Asalam aleikum kwa wale wa upande ule. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa ufupi. Nimemkumbusha kwamba chama hiki cha kuzikana kilinifukuza kwa maneno mengi sana, basi na mimi mtanivumilia kidogo. Kaeni. Na wale mliokuja kuona kama nitalia, sogeeni mbele msije mkakosa.

Sitamtaja mtu kwa jina. Mnajuana.

Mimi ni fundi wa redio yetu hapa Rumonge, hilo hamhitaji kuambiwa. Kiswahili changu cha Kigoma mnakicheka tangu tuliporudi kutoka kambi za wakimbizi, mnasema naongea kama kitabu. Sawa. Leo kitabu kitawasomea.

Pale redioni tuna kompyuta moja, nayo ndiyo hubeba kila kitu: nyimbo, mahubiri, bei ya mawese, na zile kominike za vifo mnazozitegea sikio asubuhi na jioni. Mtu akifa Bugarama au Kabezi, familia inaleta karatasi, mtangazaji anaisoma kwenye mikro, tunairekodi, na mashine inaipeleka kwa saa yake kwenye emeteri, ule mtambo unaorusha hewani.

Ndani ya kompyuta ile kuna msimamizi. Si mtu, ni programu ambayo kazi yake ni kuleta programu nyingine na kujua ipi inategemea ipi. Mnaijua kaye ya nyumba, lile daftari ambalo kila anayelala kwako lazima aandikwe humo, hata shemeji aliyepitia tu? Basi na msimamizi anayo kaye yake. Chochote kilichopita mkononi mwake kimeandikwa humo. Ulichokiingiza kupitia dirishani hakijui, na asichokijua hana sababu ya kukiheshimu. Polisi wakipita asubuhi wakamkuta shemeji hayumo, hapa hakuna asiyejua anakwenda kulala wapi.

Mimi nilimwona msimamizi huyo mzembe. Programu ya kurusha matangazo aliyonipa ilikuwa ya zamani, na rafiki yangu wa Bujumbura alikuwa na mpya. Nikaivuta mwenyewe kutoka mtandaoni, nikaijenga kwa mkono. Ikagoma, ikadai maktaba mpya ya sauti. Maktaba, kwa sisi mafundi, ni kipande ambacho programu nyingi hukitumia kwa pamoja, kama bomba la maji la mtaa. Nikaijenga nayo kwa mkono, nikaiweka palepale juu ya ile ya msimamizi, bila kumwambia. Mambo yakaenda. Sauti ikatoka safi, na ninyi mkanisifu. Kuna mmoja hapa alianza kuniita profeseri, sasa anaangalia viatu vyake.

Halafu direkteri wetu akataka programu ya kukata na kuunga sauti. Nikamwagiza msimamizi ailete. Akaileta, na kwa kuwa ilihitaji maktaba ya sauti, akaleta na maktaba anayoijua yeye, akaifunika ile yangu. Hakukosea. Alifanya kazi yake kama alivyoandika kwenye kaye yake. Matangazo yakakatika wimbo ukiwa katikati.

Hapo mwenye akili angevuta pumzi. Mimi nikapanda hasira. Nikarudisha maktaba yangu kwa nguvu, nikamwamuru msimamizi aifute yake. Msimamizi akasema vitu vimevunjika, akanionyesha orodha ndefu ya atakavyoviondoa nikiendelea, na humo kulikuwa na vitu ambavyo kompyuta haiishi bila hivyo. Hakunificha. Kisha, kwa sababu mashine yetu inaongea Kifaransa, akadai niandike sentensi nzima, herufi kwa herufi, ndipo aendelee: Oui, faites ce que je vous dis. Ndiyo, fanyeni ninalowaambia. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna shetani aliyenishika mkono siku ile. Mimi ambaye Kifaransa kilinitesa tangu tuliporudi, niliiandika bila kosa hata moja.

Mashine ikanitii. Ikafuta, ikafuta, mpaka ikajifuta yenyewe, kioo kikawa cheusi.

Redio ikanyamaza, nami nikainama juu ya ile maiti. Mtangazaji wetu, dada mnayempenda sauti, aliingia akaniambia, "Fundi, achana nayo kwanza. Chomeka mikro moja kwa moja kwenye emeteri, mimi nisome kominike. Iko karatasi hapa." Alikuwa anasema kweli, na nilikuwa nimeshawahi kufanya hivyo umeme ulipotusumbua. Lakini mimi nilitaka mashine ishindwe. Nikamwambia kwa ile sentensi iliyokuwa bado mdomoni, "Faites ce que je vous dis. Toka." Akatoka. Karatasi aliyoizungumzia nikaiwekea kikombe cha chai juu.

Siku iliyofuata akaja mama mmoja. Yuko hapa, ameketi mnapopajua. Hana simu, ana redio. Kaka yake, wa mwisho aliyebaki katika tumbo lao, alikuwa amezikwa Kabezi, barabara hiihii moja, bila yeye. Alikuja kuambiwa na mpita njia aliyedhani anampa pole.

"Kominike ya kaka yangu ilifika hapa?"

Nikasema ilifika, ila mashine ilikuwa imekufa. Nikaanza kumweleza habari za maktaba. Naapa, nilimweleza mwanamke aliyefiwa habari za maktaba ya sauti. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza.

"Mikro nayo ilikufa?"

"Hapana, mama. Mikro ni nzima."

"Emeteri?"

"Nayo nzima."

"Sasa iko kinywa yako ndiyo ilikufa?"

Hakupandisha sauti. Akainua kikombe changu, akaichukua karatasi ya kaka yake yenye duara la chai, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akaenda zake. Nimekimbia vita nikiwa mgongoni kwa mama yangu, nimekulia kwenye hema, lakini sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona mbele ya emeteri ile iliyokuwa inawaka vizuri kabisa.

Nikachomeka mikro. Ilichukua muda wa kumenya ndizi. Dada akaanza kusoma, na hakunitazama.

Mliyoyafanya baada ya hapo mnayajua kuliko mimi. Sentensi yangu ya Kifaransa ikatembea mjini, mkaniita Monsieur Faites, Bwana Fanyeni. Watoto wasiojua kuandika wakasikia fête, yaani sikukuu, na ninyi wakubwa mnaojua kuandika mkaona hiyo ndiyo tamu zaidi. Nilipokwenda kutoa pole nyumbani kwa yule mama, mmoja wenu alisema mlangoni, "Sogeeni, Sikukuu imefika." Hakuna aliyesogea. Kikao kilichofuata mkanifuta: mtu aliyetunyima kuzika, na yeye atajizika. Uamuzi ule mliupigia makofi. Niliwasikia nikiwa nje.

Kisha baba yangu akafa, Nyanza-Lac. Niliisoma kominike yake mwenyewe, kwa kinywa changu, asubuhi na jioni, na hewa ilikuwa safi mpaka ng'ambo ya ziwa, kule Kongo, walisikia. Kwa hiyo msiniambie hamkusikia. Hamkuja. Jeneza tulilibeba ndugu tu, tukipokezana bila kupumzika, na mdogo wangu akaanguka nalo mara moja. Niliumia, sitawadanganya. Nikajua sasa ladha ya chai niliyomnywesha yule mama.

Yeye alikuja. Peke yake katika chama kizima, kwa basi dogo. Akatupa udongo wake, akakataa chakula, akaniambia, "Nilikusikia." Basi.

Ndugu zangu, namshukuru dada wa redio, ambaye aliendelea kusoma nilipokuwa sina sauti. Namshukuru mwalimu mmoja wa Nyanza-Lac aliyenisaidia kuisimamisha mashine upya. Alinicheka kwanza, tena kwa muda mrefu, kisha akakaa nami mpaka ikasimama. Ndiye aliyenifundisha kwamba cha mkono kiwekwe chumba chake, mbali na vya msimamizi, ili kila mmoja ale kwenye sahani yake. Tangu hapo sijaingiza kitu kupitia dirishani. Ninyi siwashukuru sana. Mlinifanyia nilichostahili, lakini mlikifurahia mno.

Funzo? Kitu kikikuonya kwa orodha ndefu namna ile, kisha kikakuomba uandike kwa mkono wako kwamba umeelewa, soma. Na kikishavunjika, kabla hujakitengeneza, tazama nani anangoja. Mimi nilitengeneza kwanza.

Leo mmenirudisha chamani, na msidhani sijui imekuwaje. Wengi mlinyamaza. Aliyesimama kunitetea ni mama yuleyule, na mimi nikiwa pale nje ya mlango nilipozoea nikafikiri, amenisamehe. Mwenyekiti akamuuliza hivyohivyo, kama amenisamehe.

Akasema, "Hapana. Lakini mimi niko muzee, na kaka yangu alienda bila kutangazwa. Kominike yangu ni deni yake. Mukimuacha huyu inje, siku yangu nani atasoma?"

Nitasoma, mama.