Gumba la Mwalimu Methodi

Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, Dainess alipanda basi la kutoka Njombe kwenda Makambako roho mkononi. Mumewe, Mwalimu Methodi, alikuwa akitokomea huko kila Jumamosi na kurudi kidole gumba kimevimba. Akiulizwa, anasema ni chaki. Chaki gani ya Jumamosi? Dalili ya mvua ni mawingu: Dainess alijua ni mikutano ya siasa tu, na mwalimu akionekana yuko upinzani, uhamisho unamngoja.

Kiti cha mbele yake, wanaume wawili wasiojuana walikuwa wanabishana.

"Mpira unachezwa kwa miguu, ndugu yangu," alisema mwenye koti. "Ile mashine ya mpira ya Abdulatif, yule mwenye duka pale Makambako, ni ya watoto."

"Ya watoto?" Mwenye baraghashia alikuja juu. "Tangu ailete kutoka Dubai na kuifunga kwenye televisheni, watu wazima tunapanga foleni! Kuna mwalimu mmoja wa Njombe, Methodi, juzi kanifunga matano kwa kubonyeza vitufe kwa vidole gumba tu."

"Huyo naye ni mwanamichezo?"

"Hataki hata kusikia siasa! Tukianza habari za kampeni anatufukuza: 'Tokeni nje, mnanipotezea mpira!'"

Dainess alishusha pumzi ndefu mpaka kioo cha dirisha kikaingia ukungu.

"Eti mama," mwenye koti akamgeukia basi likisimama Makambako, "huo nao ni mpira?"

"Sijui, kaka," alisema Dainess akiinuka. "Nionyesheni duka la dawa. Nataka dawa ya kuchua."